Kabla ya Kuitamani Bunduki ya Keya, Nunua Singe

Babu, askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), alirudi kutoka vita vya Burma na mshipi wa turubai, kovu begani, na hadithi moja aliyoirudia kila Krismasi: jinsi matope yalivyoingia kwenye boliti ya bunduki yake, naye akawa anaivisha kitambaa kama mtoto mchanga. Bunduki yenyewe, Lee-Enfield ya .303, aliirudisha ghalani kama wenzake wote. Mimi nikakua nikiitamani. Nilipoanza kupata mshahara hapa Nairobi, nikamwambia rafiki yangu kwamba nitatafuta ya aina hiyo niitundike sebuleni.

"Itundike," akasema, "wewe utundikwe jela ya Industrial Area."

Alikuwa sahihi. Ukitazama video za Wamarekani wakifungua masanduku ya bunduki za kale za Mauser na Mosin-Nagant, kumbuka kwao kuna leseni maalum ya wakusanyaji wa silaha zilizotimiza miaka 50. Hapa kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Inataka cheti kwa bunduki, inataka cheti kwa risasi, na kipande cha bunduki nacho ni silaha. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "huu ni mtutu tu, ni spea", mwachie spea yake. Usitegemee kutu ikutetee.

Basi nikaanza na singe, kile kisu kinachochomekwa mbele ya mtutu. Ya kwanza niliipata kwa muuza skrepu Gikomba, akiitumia kupasulia mifuko ya simiti. Nikaileta nyumbani, nikaipiga msasa jioni nzima hadi ikang'aa kama kijiko cha arusi. Hilo ndilo kosa ambalo hadi leo linaniuma, kwa sababu singe husema kwa alama zake, na mimi niliifuta mdomo.

Alama zenyewe ziko kwenye bapa karibu na mpini. Singe ndefu ya Lee-Enfield fupi, yenye ubapa wa inchi 17, ina taji, herufi GR na namba 1907. Hapo wengi huliwa pesa: 1907 ni mwaka wa muundo, si mwaka iliyotengenezwa. Shuka chini kidogo utakuta mwezi na mwaka wenyewe, tuseme 5 na 17, kisha jina la kiwanda, labda Wilkinson au Sanderson. Ukiona kikingio cha mkono kina ndoano, shika roho kwanza. Ndoano iliachwa mwaka 1913, kwa hiyo zenye nayo ni adimu na bei yake ni juu, na wapo mafundi wanaoichomelea juzi kisha wakaipaka matope. Tazama mshono kwa kioo cha kukuzia. Kusafisha ni kitambaa na mafuta mepesi, basi. Na usitembee nayo mjini ikiwa imening'inia. Ifunge, iweke chini ya begi, beba na risiti.

Maganda ya risasi ni rahisi na yanafundisha sana. Kwenye kitako utasoma herufi ya kiwanda na mwaka. K ni Kynoch, na VII ni toleo la risasi. Lakini nilishawahi kununua kopo la Kimbo lililojaa vifungo vya sare, nikamwaga mezani, na ya mwisho kutoka ilikuwa risasi nzima, kichwa chake bado kipo. Sikuigusa tena. Niliwapigia polisi wakaja kuichukua, nikaandika maelezo, yakaisha. Ningeitia mfukoni nikapanda matatu nayo, maelezo yangekuwa marefu zaidi.

Ukitaka kuitazama bunduki bila kuimiliki, nenda Kenyatta Avenue kwenye sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1928. Watu wengi hupiga picha na kuondoka. Wewe soma maandishi ya Kiswahili chini yake, uone mpagazi naye alivyotajwa. Kisha tembea hadi Kariokor, uliwaze jina hilo lilikotoka: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita.

Mimi mwenyewe siku hizi napenda nishani kuliko chuma. Za Vita Kuu ya Kwanza walizopewa watu wa Keya zimechorwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi. Nyota za Vita ya Pili ambazo Waingereza waliwapa askari wetu hazina jina, kwa hiyo muuzaji akikupa hadithi tamu ya mwenye nyota, mlipie nyota, usilipie hadithi. Nishani ikiwa imetundikwa kwenye utepe mpya, usiogope, tepe huoza. Ukingo uliokwaruzwa ndio wa kuogopa, maana mtu amefuta jina la mtu.

Moja niliyoipata kwa muuza vitu vya kale hapa mjini ilikuwa na jina la Kikamba, limeandikwa vibaya na karani Mwingereza lakini linasomeka. Nilikaa nayo miaka miwili. Halafu nikaanza kuuliza kwa machifu huko Ukambani, mmoja baada ya mwingine, hadi nikaelekezwa kwa mjukuu, mzee mwenyewe sasa. Aliipokea kwa mikono miwili, akausoma ukingo mara mbili, akanitazama.

"Hii," akauliza, "haikuja na pensheni?"