Dodoma Rangi Haikusubiri

Kwa mwaka mzima niliamini nina mkono mzito. Kila nilipojaribu kuchanganya rangi mbili mbichi juu ya joho la sanamu yangu ndogo ya shujaa, ile mbinu ambayo mafundi wa Ulaya kwenye video huifanya huku wakipiga soga, nilibaki na mstari katikati kama mpaka wa shamba. Nikishika brashi ya pili, rangi ya kwanza imeshakauka. Nikirudia, inachubuka. Halafu ikaja jioni moja ya Januari, mvua imetoka kunyesha, nikapaka joho lilelile na nyekundu ikayeyukia kwenye zambarau yenyewe. Mkono ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni hewa.

Nazungumzia sanamu za michezo ya mezani: mashujaa, mazimwi, majoka, wachawi wenye fimbo. Mtu mzima ni milimita 28 hadi 32, anasimama juu ya kizibo cha soda bila kubanana. Mama watoto huniuliza mara kwa mara kama nimerudia midoli. Namjibu ndiyo, maisha yanaendelea.

Rangi ya akriliki hukauka kwa kupoteza maji. Mji wetu, Dodoma, uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua ni za Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo upepo mkavu unakausha nguo kambani kabla hujamaliza kuanika. Sasa fikiria tone la rangi dogo kuliko punje ya ulezi. Ushauri wote mzuri unaousikia mtandaoni umetolewa na watu wenye hewa ya unyevu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, kabla ya brashi ya gharama, ni paleti ya unyevu. Hununui. Chukua kopo bapa la plastiki lenye kifuniko, tandika karatasi laini za jikoni zilizoloa, juu yake weka karatasi ya kuokea keki. Maji yanapenya kidogo kidogo kutoka chini na rangi inabaki mbichi kwa saa kadhaa. Mimi hutumia maji ya kunywa ya chupa, maana ya bomba kwangu yana chumvi. Unajua ule ukoko mweupe unaobaki kwenye birika. Huohuo hubaki juu ya joho jeusi ulilolipaka kwa safu nyembamba, nawe utalaumu rangi.

Kitu cha pili ni gliserini ya duka la dawa, hii ya kupaka midomo. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye gliserini, kisha kwenye rangi, basi, hapo umepata dakika chache zaidi. Nasisitiza ncha ya kijiti. Mara ya kwanza nilitia tone zima, na nyingine tena kwa kuwa ilipendeza. Joka langu lilikuwa linang'aa vizuri ajabu, nikaliacha dirishani usiku. Asubuhi mabawa bado yananata, na vumbi lote la mtaa limehamia pale. Nililiosha kwa mswaki na sabuni, nikaanza upya. Lakini hilo ni afadhali kuliko lililotangulia, nilipotumia rangi ya mafuta ya duka la vifaa vya ujenzi nikaizimua kwa thina: thina iliyeyusha uso wa mchawi, plastiki na yote.

Brashi nayo. Mgeni hukimbilia ile nyembamba kupita zote, ya sifuri tatu, akidhani kazi ndogo inataka brashi ndogo. Hapa kwetu hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Inabeba rangi kidogo mno, na kabla hujaifikisha kwenye jicho la sanamu imekauka njiani. Tumia namba 1, hata 2, yenye tumbo la kubeba rangi na ncha kali kama sindano. Usiiache imesimama ndani ya glasi ya maji, na rangi isipande hadi kwenye shingo ya chuma, la sivyo ncha itapanuka kama ufagio.

Sasa mbinu zenyewe. Ushauri wangu, ambao wengine watanibishia, ni kwamba usishindane na msimu. Kuchanganya rangi mbichi kufanye masika. Kiangazi paka safu nyembamba, na hapo ndipo ukame unageuka kuwa rafiki: safu inakauka kwa dakika moja, jioni moja unaweza kuweka kumi na tano. Zimua rangi hadi iwe kama chai ya rangi, si maziwa. Chovya, kisha futa brashi kwenye karatasi. Watu huruka hatua hii halafu wanapata madimbwi. Vuta brashi kuelekea pale unapotaka rangi ikolee, kwa sababu rangi nyingi hushuka pale unapoinua ncha. Joho jekundu livutie kwenye kivuli kwa zambarau au buluu iliyokolea, si nyeusi. Kwenye mwanga tumia machungwa. Ukitia nyeupe, shujaa wako atavaa waridi.

Upanga wa kung'aa bila rangi ya metali ulinitesa miezi, mpaka siku moja nikakaa jikoni nikaitazama sufuria. Kaa uitazame na wewe. Si ya kijivu hata kidogo: kuna mstari karibu mweusi, na ubavuni mwake, bila hatua ya kati, mweupe kabisa. Chuma ni huo ujirani wa giza na mwanga. Upande mmoja wa upanga toa giza chini uende mwanga juu, upande wa pili geuza, kisha kingo zipate mstari mwembamba mweupe mwisho kabisa. Nikaacha kuogopa weusi, na upanga ukaanza kukata.

Rangi ya kopo la kupuliza, iwe praima, yaani rangi ya msingi ya kutangulia, au vanishi, ina ratiba yake. Kiangazi puliza alfajiri, kabla ya upepo. Mchana matone hukauka hewani na kutua kama unga, na sanamu hushikika kama msasa. Praima nyeusi kwanza, kisha nyeupe kutoka juu kwa mshazari. Tayari unajua jua linapiga wapi.

Kizibo cha chini nakivika udongo wetu wenyewe, nimeukaanga kidogo kuua wadudu, nikauchekecha kwa kichujio cha chai (cha pili, nilinunua changu baada ya kikao kizito cha nyumbani) na kuubandika kwa gundi ya mbao.

Tatizo ni kwamba msimu unaofaa kuchanganya rangi ndio usiofaa vanishi. Hewa ikiwa na unyevu, vanishi ya kupuliza huganda ukungu mweupe na kazi ya wiki mbili inaonekana kama imefunikwa na majivu. Kwa hiyo sanamu zote za masika zinangoja. Ninavyoandika hivi, saba ziko juu ya friji ndani ya boksi la viatu, zinasubiri Mei.