Mnyoo Gani Huyu Tangini? Maswali na Majibu

Shikamoo mwalimu. Usiku nilimulika tangi langu la samaki wa baharini kwa tochi nikaona mnyoo wa rangi ya waridi, ana manyoya meupe ubavuni, anachungulia jiweni. Ni mrefu kama kidole. Nimtoe? (Mombasa)

Marahaba. Muache. Huyo ni mnyoo wa manyoya, aliingia na mawe ya baharini. Anakula mabaki ya chakula na samaki waliokufa, kazi ambayo ungeifanya wewe. Ukiona wamezidi, basi unawalisha samaki kupita kiasi.

Ila usimshike kwa mkono mtupu. Yale manyoya ni ya chokaa, hukatika upesi, na yakizama ngozini huwasha kweli kweli. Yakikuchoma, bandika selotepu, ibandue kwa nguvu, kisha paka siki.

Wa kuogopwa ni mnyoo mwingine, eunisidi. Mtazame kichwani: wengi wao wana vipapasio vitano, na mwili wa kahawia unaometa rangi rangi kama mafuta juu ya maji. Vishungi vile vyeupe vya manyoya hana, mataya anayo. Mwaka 2009, katika akwariamu ya Blue Reef huko Newquay, Uingereza, matumbawe yalikuwa yakiliwa na samaki wakijeruhiwa bila mkosaji kuonekana. Walipobomoa mawe ya tangi wakamkuta mmoja wa zaidi ya mita 1! Kumvuta hakufai, atakatika na kichwa kitabaki ndani. Toa jiwe zima alimojificha, liweke kwenye ndoo yake ya maji ya bahari.

Kioo changu kimejaa viduara vyeupe vidogo mno, vimejikunja. Ni konokono? (Dar es Salaam)

Hapana, ni minyoo pia, spirobidi, kila mmoja ndani ya kijumba chake cha chokaa. Huchuja maji tu. Kama wanakukera, kwangua.

Vidoa vyenye rangi ya kutu vimetapakaa mchangani na juu ya matumbawe, na kila wiki vinaongezeka. Niweke dawa? (Muscat)

Subiri kwanza, ndugu yangu. Hao ni minyoo bapa. Chukua kioo cha kukuzia uangalie nyuma ya mmoja: ukiona vincha vitatu, ndio wenyewe. Wanapenda mwanga, kwa kuwa wamebeba mwani mwilini, na huzaliana kwa kujigawa.

Hatari iko kwenye kuwaua wote kwa mkupuo, maana wakifa hutoa sumu inayoweza kumaliza samaki wako. Wanyonye kwa mpira mwembamba siku baada ya siku hadi wabaki wachache. Hapo ndipo dawa inaweza kuingia, na uwe umeshaandaa maji mapya ya chumvi na mkaa wa kuchujia. Mimi binafsi ningeendelea na mpira tu.

Nyuzi nyeupe ndefu zinatoka tundu moja na kutambaa mchangani. (Tanga)

Mnyoo tambi. Mwili umejificha, nyuzi ni za kuokotea chakula. Ziguse kwa kijiti uone zinavyorudi ndani, kisha muache ale.