Namba za simu za nje: acha kuhesabu tarakimu

Mkuu, umesema fomu yako inadai tarakimu 10 zinazoanza na sifuri, na sasa wateja walioko nchi nyingine wanashindwa kujisajili. Usiongeze sharti jingine kwenye regeksi, ile kanuni ya kulinganisha maandishi inayokagua namba. Mimi nilihangaika nayo miezi mingi, kila nchi nikiiwekea kiraka chake, na kila kiraka kilitoboa pengine.

Iliyonitia adabu ni Italia. Niliweka kanuni kwamba sifuri inayofuata msimbo wa nchi ifutwe. Kwa Uingereza ilikubali: 07700 900123 ikawa +447700900123. Kumbe simu za mezani za Italia hubaki na sifuri yake hata ukipiga kutoka nje. Roma ni +39 06. Kanuni yangu ikazila sifuri zote. Za Roma ningeweza kuzirudishia, lakini za Bergamo, zinazoanza na 035, zilibaki 35 zikafanana na za mkononi, ambazo huko huanza na 3. Sikuwa nimehifadhi walichoandika wateja wenyewe, hivyo ilibidi tuwaombe upya.

Tangu hapo nahifadhi vitu viwili: maandishi ya mteja kama alivyoyaleta, na namba iliyosafishwa kwa muundo wa E.164 wa ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa), yaani alama ya jumlisha, msimbo wa nchi, kisha namba yenyewe, jumla isizidi tarakimu 15. Safu ya namba kwenye hifadhidata iwe ya maandishi, tafadhali sana, isiwe ya hesabu. Nafasi na vistari weka wakati wa kuonyesha tu.

Kazi ya kusafisha na kukagua iachie libphonenumber ya Google, maktaba ya programu, yaani msimbo ulioandikwa tayari unaouingiza kwenye mfumo wako. Ni ya bure na husasishwa mara kwa mara, na hilo ndilo la maana, kwa sababu nchi hubadilisha mipango yao ya namba: Kodivaa ilitoka tarakimu 8 kwenda 10 Januari 2021. Ila lazima uiambie mteja yuko nchi gani kama hakuandika msimbo, kwa hiyo weka orodha ya nchi kwenye fomu. Na usikisie nchi kwa msimbo peke yake: +1 ni ya Marekani, Kanada na visiwa vingi vya Karibi, na +7 ni ya Urusi na Kazakhstan.

Maktaba ikisema namba ni sahihi, imesema tu kwamba inalingana na mpango wa nchi hiyo. Kama laini iko hewani, au kama ni ya huyo mteja kweli, utajua ukimtumia msimbo wa uthibitisho naye akaurudisha.

Unapojaribu, usibuni namba kichwani. Ujumbe wako unaweza kumfikia mtu asiyehusika. Uingereza imetenga 07700 900000 hadi 07700 900999 kwa ajili ya filamu na tamthilia, na mimi hutumia hizo.