Subaru moja, kazi mbili: venye nilitengeneza gari ya barabara iende traki na bado inirudishe nyumbani

Wacha nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza nilipeleka gari traki, yaani uwanja wa mbio za magari, pale Whistling Morans Athi River, nilikuwa nimemwaga pesa kwa hiyo gari miezi sita mfululizo, ekzosi mpya ya kupiga kelele, filta ya wazi chini ya boneti, presha ya turbo imepandishwa kidogo na kijana mwenye laptopu, stika, kila kitu. Raundi ya tatu nakanyaga breki kabla ya kona, pedali inashuka mpaka kwa kapeti kama nimekanyaga sponji. Nikapampu mara mbili tatu, gari ikaingia nyasi, vumbi kila mahali, na mimi niko hapo ndani magoti yanatetemeka. Hakuna kitu kiliharibika isipokuwa bampa na heshima. Lakini jioni ilibidi niendeshe hiyo gari, na hizo breki, kwa Mombasa Road katikati ya malori, mpaka nyumbani.

Sasa hiyo safari ya kurudi ndio ilinibadilisha akili kuliko hata kutoka nje ya lami. Juu mimi sina gari ya pili. Sina trela. Hii hii inayozunguka traki Jumapili ndio Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi inapeleka watoto shule na Disemba inaenda ushago na magunia kwa buti. Kwa hivyo siku hizi kabla nibadilishe chochote najiuliza, hii kitu ikichoka saa kumi jioni kule Athi River, nitarudi nayo?

Gari yenyewe ni Impreza WRX ya 2005, injini EJ20 ya turbo, gia ya mkono. Sitajifanya ati nilichagua kwa hesabu. Sisi wengine tulilelewa na picha za Safari Rally, Colin McRae 1997, Richard Burns 2000, wote na Impreza, kwa hivyo ugonjwa ulianza utotoni. Kama wewe uko na Vitz, Demio ama Golf usifunge ukurasa, karibu yote hapa chini yanakuhusu.

Nilipeleka gari kwa fundi wangu Industrial Area, mzee mmoja hapendi maneno mingi. Akafungua nipo ya breki (ile bolti ndogo ya kutolea fluidi) gurudumu la mbele, kilichotoka hapo kilikuwa na rangi ya strungi.

"Kijana, hii breki fluidi iliwekwa lini?"

"Sijui mzee, nilinunua gari ikiwa hivyo."

"Ulinunua lini?"

"Miaka tatu na nusu hivi."

"Na hii ekzosi?"

"Mwezi wa nne."

Hakuongeza kitu, akaendelea kufungua nipo ya pili.

Iko hivi. Breki fluidi inanyonya unyevu wa hewa polepole, hata kama gari haitembei, na kadiri maji yanavyoongezeka ndivyo inachemka mapema. Inauzwa kwa madaraja yanaitwa DOT. DOT 3 ikiwa mpya inapaswa kufika angalau digrii 205 kabla ichemke, ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 mpya na 155 ikiwa na maji. DOT 5.1 ni 260 na 180. Kwa barabara hutawahi kujua tofauti, labda ukishuka Mai Mahiu na mzigo. Traki unakanyaga breki kwa nguvu kila baada ya sekunde chache, joto linapanda kutoka kwa diski linaingia kwa kalipa (ile inabana pedi kwa diski), fluidi inachemka, inatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka, ndio pedali inashuka chini. Breki pedi zangu zilikuwa bado zina nyama kabisa, ni yale maji ya kuzeeka ndio yalinipeleka nyasi.

Kwa hivyo shilingi yako ya kwanza kabisa ni DOT 4 mpya ya maana, mkebe ufunguliwe mbele yako, itolewe ile ya zamani yote kwa magurudumu manne mpaka itoke safi. Mimi sasa nabadilisha kila mwaka na kama nimeenda traki mara nyingi natoa upepo tena katikati. Na usichanganyikiwe na namba, DOT 5 peke yake bila hiyo pointi moja ni silikoni, haichanganywi na hizi zingine na kwa gari ya ABS usiiguse.

Pedi ndio zinafuata. Hapa watu hukosea upande wa pili, wananunua pedi za mashindano kamili, zile zinataka joto ndio zishike. Kwa traki ni tamu, lakini Jumatatu asubuhi na baridi ya Julai unakanyaga ukikaribia raundabauti, gari inateleza mbele kwanza kabla ishtuke, halafu zinapiga kelele na zinakula diski. Nilijaribu wiki mbili nikatoa. Tafuta zile za katikati, za barabara na mwendo wa kasi, utapoteza kidogo traki lakini utakuwa na breki kwa geti ya shule. Kalipa za kiwandani zinatosha, wacha kununua kalipa kubwa nyekundu kwanza, na pia ujue rimu ndogo hazipiti juu ya kalipa kubwa, sasa umejinunulia na rimu.

Taya nitasema kwa urefu kidogo juu hapa ndio gari inashika dunia. Angalia namba nne kwa ubavu wa taya, kwa mfano 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka wa 2019. Hizi taya za mtumba kutoka Japani ukiangalia nyuzi ziko juu, zinang'aa, unafurahia bei, kumbe mpira umekauka kama mandazi ya juzi. Taya mpya ya kampuni ya kawaida inayoaminika itakupita mbali na taya ya jina kubwa iliyozeeka. Na kwa Subaru ama gari yoyote ya kuvuta magurudumu yote manne, usibadilishe mbili tu uache zingine zimeisha. Zikitofautiana mzunguko, difu ya katikati inafanya kazi hata ukiwa unaenda moja kwa moja, na siku moja itakupa bili ambayo hutaki kuonyesha mama watoto.

Presha ya taya, nunua geji yako mwenyewe, geji za petroli stesheni kila moja ina ukweli wake. Mimi natoka nyumbani na 34, nikifika Athi River taya zishapata joto la barabara, na baada ya raundi nne tano nikipima napata 40 na kitu, gari inaanza kuteleza kama iko na sabuni. Basi natoa hewa zikiwa moto mpaka 36 ama 37, naandika kwa daftari. Kabla ya kurudi nyumbani lazima nijaze tena, juu zikipoa zitakuwa chini sana na Mombasa Road ina mashimo ya kukunja rimu. Pampu ndogo ya kuchomeka kwa laita inakaa kwa buti, imeniokoa mara nyingi kuliko kitu chochote cha bei ghali nilichonunua.

Alainmenti nayo ni pesa kidogo na watu hawaithamini. Kwa Impreza ile bolti ya juu ya shoki ya mbele imetengenezwa ikizunguka inainamisha gurudumu, kwa hivyo bila kununua chochote unaweza kupata kamba (camber, siyo ile ya mbuzi) ya digrii moja na kitu, sehemu ya juu ya taya ikiingia ndani. Kwa kona gari ikilala, taya inakanyaga vizuri na uso wake wote badala ya bega tu. Taya za mbele ziangalie mbele sawasawa. Watu huogopa ati kamba inakula taya, lakini kwa kilomita zangu za mjini kinachokula taya haraka ni zikiwa zimepinda kutazama ndani ama nje, hiyo kamba kidogo hata sijaiona.

Kushusha gari. Hapa najua nitatukanwa. Kwa gari yenye shoki za mtindo huu wa Subaru, mkono wa chini wa gurudumu unafaa ukae karibu sawa na ardhi ama uelekee chini kidogo ukitoka kwa gari. Ukishusha sana mkono unainuka kuelekea juu, na pale gari inapojizungushia wakati wa kulala panashuka kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka, kwa hivyo gari inalala ZAIDI kwa kona, na kamba unapoteza. Gari inakaa ya mashindano kwa picha, kwa kona ni jahazi. Halafu ukumbuke matuta ya estate. Mimi nilibadilisha bushi zote zilizochoka, shoki mpya, springi fupi kidogo tu, na stabilaiza ya nyuma (ile chuma inazuia gari kulala) nene kuliko ya kiwanda, hiyo stabilaiza ndio nilisikia tofauti siku hiyo hiyo, gari ikaacha kusukuma pua nje ya kona. Bushi ni kazi ya jasho na haionekani kwa Instagram, pole.

Sasa joto la injini, na hapa kwetu kuna kitu watu wa pwani hawana. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji huku yanachemka kwa digrii kama 94, siyo 100, uliza mtu yeyote anayepika maharagwe. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke ni presha inayoshikwa na kifuniko chake pamoja na kulanti. Kifuniko kikichoka, ama fundi amekuwekea maji ya mfereji, umepoteza hiyo nafasi yote. Na hii tabia ya mafundi kutoa themostati wakisema hapa ni Afrika hatuihitaji, tafadhali rudisha. Bila hiyo injini haifiki joto lake vizuri, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inazidisha petroli, na ugonjwa ambao ulifanya ichemke mwanzo bado uko ndani unakungoja.

Oili weka mpya kabla, ijae mpaka alama ya juu ya dipstiki, siyo katikati. Injini ya Subaru imelala ubavu, kwa kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja, ikiwa kidogo pampu inanyonya hewa na beringi zinakufa kimya kimya. Pima kila ukitoka traki. Petroli pia, usiingie na robo tanki, kwa kona inahama na injini inakosa. Mimi naanza na nusu ama zaidi.

Nguvu nimeacha mwisho na nitasema haraka. Hewa ya Nairobi ni nyembamba, injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 15 hivi ukilinganisha na Mombasa. Ya turbo inajaribu kufidia lakini turbo inazunguka haraka zaidi na inapata joto zaidi, na hizi gari zilipangwa kule Japani kwa petroli ya okteni 100 ambayo pampu zetu nyingi hazina. Kupandisha presha hapo ni kuomba injini igonge, yaani petroli ilipuke ndani kabla ya wakati wake. Ile filta yangu ya wazi ilikuwa inanyonya hewa moto ya injini na kumchanganya sensa ya hewa. Nilirudisha boksi ya kiwanda, yule kijana wa laptopu nikamlipa tena arudishe presha chini, na gari ikawa nyepesi kuliko vile ilikuwa. Ekzosi imebaki, sitadanganya, napenda sauti.

Usalama. Helmeti ya boda usilete. Zile zenye alama ya SA zimepimwa kwa ajili ya magari, hata moto, zenye M ni za pikipiki. Mikanda ya mashindano ya kukufunga mabega yote mawili usiweke kwa gari isiyo na roli baa, gari ikipinduka paa inashuka na wewe umefungwa wima huwezi kuinama. Baki na mkanda wa gari, sukuma kiti nyuma, vuta mkanda ghafla ushike, halafu sogeza kiti mbele, utakushikilia vizuri ajabu. Na usome mkataba wako wa bima kabla, mingi imeandika kabisa mashindano na majaribio ya mwendo hawalipi, hata kama ni bima kubwa ya komprehensivu na umelipa kwa wakati.

Siku yenyewe ninatoa spea, jeki, viti vya watoto, viatu, mwavuli, ile wufa, nafunika na turubai kando. Raundi moja ya kupasha joto, nne ama tano za nguvu, halafu moja ya polepole bila kugusa breki sana ndio zipoe. Ukisimama usivute hendibreki, weka gia, juu pedi moto zikibanwa kwa diski moto zinaacha alama na kesho usukani unatetemeka. Acha injini izunguke dakika moja mbili turbo ipoe kabla ya kuzima.

Kurudi: kaza nati za magurudumu na spana ya toki (ile inapima nguvu ya kukaza), jaza taya, angalia oili na fluidi, bonyeza pedali ukiwa umesimama uisikie iko juu na ngumu. Spea irudi ndani ya buti kabla hata ya viti vya watoto, nishawahi kuisahau pale kando chini ya turubai nikakumbuka nikiwa nimefika Mlolongo.