Maswali ya Wasomaji: Beki wa Kibrazili na Klabu Nyingi

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa kijiweni Temeke tunabishana kuhusu Gerson Fraga, Mbrazili aliyesajiliwa na Simba mwaka 2019. Wenzangu wanasema beki anayehamahama namna ile hana kiwango. Je, ni kweli? Msomaji, Temeke.

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wanamwonea. Fraga alikulia klabu ya Grêmio ya Brazili, na mwaka 2009 alikuwa katika kikosi cha Brazili cha Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Nigeria, pamoja na Neymar, Coutinho na Alisson, ingawa timu hiyo ilitolewa kwenye makundi. Baadaye alicheza India, Mumbai City na ATK, ndipo akaja Msimbazi, ambako alitumika zaidi kama kiungo mkabaji.

Kuhama huko kunatokana kwa kiasi kikubwa na utaratibu wa soka la kwao. Mashindano ya majimbo huchezwa miezi ya mwanzo ya mwaka, na klabu ndogo isiyo na nafasi katika madaraja ya kitaifa hubaki karibu bila mechi, kwa hiyo humsajili beki kwa miezi michache tu, kwani sheria ya huko imekuwa ikiruhusu mkataba wa hata miezi 3. Mkataba ukiisha, mchezaji hufungasha virago na kutafuta riziki kwingine, hata awe hodari wa mipira ya juu kiasi gani.