Rozela, Vidonge na Mama Mkwe

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni dhana gani potofu kuhusu kula vizuri ungependa ifutike mtaani kwako?" Najua wengi watawaandikia kuhusu ugali wa usiku kwamba unanenepesha, maji ya ndimu ya asubuhi kwamba yanayeyusha kitambi, na dona kwamba ni chakula cha wagonjwa wa sukari. Hayo yananipita. Mimi langu ni damu.

Huku kwetu Morogoro, na sidhani kama ni huku tu, mtu akiambiwa damu imepungua anaanza kusaka vitu vyekundu. Rozela. Bitiruti. Yale majani ya damu ya mzee, yanayochemshwa mpaka sufuria inatisha. Wapo wanaoamini soda nyekundu, na wapo, Mungu awasaidie, wanaojiongezea damu kwa mvinyo mwekundu wa Dodoma. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa kwa mshangao: si unaona rangi yake?

Sasa rangi haiingii kwenye mshipa. Damu inataka madini ya chuma na foliki asidi, na gramu 100 za bitiruti hazina hata miligramu moja ya chuma, wakati mjamzito anahitaji kama 27 kwa siku. Maini ya ng'ombe uzito huohuo yana kama 6, nayo hayana wekundu wa kujivunia yakishaiva. (Maini yenyewe si ya kila siku kwa mjamzito, vitamini A yake ni nyingi mno. Nasema mapema kabla hamjaniandikia.) Na si jambo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Nusu kasoro kidogo, yaani kwenye kikoba chetu tukikaa mkekani, karibu nusu yetu.

Wifi yangu alikuja kukaa kwangu mimba ikiwa ya miezi mitano, kwa sababu kwao, Kilosa ya ndani, mvua ikinyesha hata bodaboda haifiki zahanati. Midomo myeupe, akipanda ngazi za baraza anashika nguzo na kupumzika. Mama mkwe akamfuata na kiroba cha rozela kavu, bitiruti za kutosha kufungulia genge, na maagizo.

Jikoni kwangu pakageuka kiwanda. Rozela inachemka mpaka maji yanaelekea weusi, bitiruti inakunwa kwa kikwangulio cha karoti, vyote vinamiminwa kwenye kitambaa na kukamuliwa. Kitambaa gani? Mimi ni fundi cherehani. Kulikuwa na bitana nyeupe mezani, ya gauni la bibi harusi, nimeikata tayari. Mama mkwe aliona kitambaa safi, laini, hakina mwenyewe, akachukua. Nilipotoka kuoga nilikuta bitana inaning'inia juu ya beseni, ikidondosha. Nilisema nini? Nilisema, "Shikamoo mama." Mtu anaweza kusema nini tena kwa mama mkwe? Nikaenda dukani kununua mita nyingine.

Kwenye jagi wakaweka sukari kikombe kizima cha chai. Wifi akanywa glasi, akajifuta kwa kiganja, na midomo yake ikabaki na rangi. Mama mkwe akapiga makofi. "Mmeona? Imeshaanza kurudi."

Baada ya hapo wakala ugali na maharage, wakateremshia kwa chai ya rangi ya moto. Ilikuwa hivyo kila siku, mchana na usiku.

Siku ya kliniki nikawasindikiza. Nesi alimvuta wifi kope la chini akatazama ndani, hakusema kitu. Akamchoma kidole, akaweka tone kwenye kimashine. Nane na nukta mbili. Mjamzito hatakiwi kuwa chini ya kumi na moja. Akauliza, "Vidonge vya damu ulivyopewa ulikoanzia kliniki, unameza?" Wifi akaangalia viatu vyake. Mama mkwe akamjibia: "Anakunywa rozela, mwanangu."

Nesi hakucheka, nami nilimheshimu kwa hilo. Aliuliza tena taratibu, "Na pemba je?" Hapo wifi akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha udongo, kimeshalambwa upande mmoja mpaka kimekuwa laini. Ukawekwa mezani, pembeni ya kadi ya kliniki. Vidonge, ikajulikana, vilikuwa nyumbani kwangu muda wote huo, ndani ya kopo langu la vifungo. Nilikuwa nachomoa vifungo humo karibu kila siku, vyenyewe viko chini.

Na alikuwa na sababu zake, ambazo mimi fundi wa mdomo sikuwahi kuziuliza. Vinanuka chuma, vinamtia kichefuchefu. Choo kimekuwa cheusi, akadhani anatokwa damu kwa ndani. Na majirani wa kule walimwambia vinakuza mtoto, utashindwa kusukuma, utapasuliwa. Nesi alijibu kimoja kimoja. Weusi ni chuma kilichobaki, hakuna damu inayotoka. Kichefuchefu kikizidi, meza usiku baada ya kula kidogo. Teremsha na chungwa au ule pera, kwa sababu vitamini C inasaidia chuma kiingie. Pera lina vitamini C kuliko chungwa mara nne hivi, na linaoza chini ya miti watoto wakilichezea mpira! Chai isogee mbali na chakula na kidonge, saa moja au zaidi, maana inakishika chuma tumboni, hasa kile cha maharage na mboga. Udongo nao vivyo hivyo. Kuhusu rozela alisema mjamzito asijipigie majagi, inashusha presha. Kisha akampima malaria na kumpa dawa ya minyoo, kwa sababu mwenye safura hata umlishe nini, minyoo inanyonya.

Tumerudi nyumbani, mama mkwe kanuna. Akavimwaga vidonge kiganjani, akasogea dirishani penye mwanga. Akavitazama sana.

"Kumbe ni vyekundu," akasema.

Basi. Tangu jioni hiyo wifi hakuwa na pa kukimbilia. Kila usiku mama mkwe anasimama mlangoni na kikombe cha maji ya machungwa ya Muheza mpaka kidonge kishuke, kisha anamwambia apanue mdomo aone. Damu ilipanda hadi kumi, na kabla ya kujifungua ilikuwa imevuka kumi na moja. Mtoto alizaliwa kawaida, wala hakuwa jitu.

Nilipoanza kuwaandikia nilikuwa na jibu langu tayari: futeni hii ya vyekundu. Nikifika hapa naona mkono unasita. Maelezo yote ya nesi, mazuri vile, hayakumgusa mama mkwe kama rangi ya kidonge. Ile dhana niliyotaka ifutike ndiyo iliyommezesha wifi dawa. Ningeifuta, ningemshawishi na nini? Kuna sheria tangu 2011 ya unga wa viwandani kuongezwa chuma, lakini sisi tunasaga mahindi yetu kwenye mashine ya mtaani, na pale kinachoongezwa ni vumbi. Kwa hiyo kidonge kinatuhusu, na kinachokisogeza mdomoni sitakitupia mawe.

Sisemi watu waache vipimo wanywe bitiruti. Mvinyo kwa mjamzito sina msamaha nao, na soda ni sukari tu. Pia kwetu mambo yalikwenda vizuri kwa sababu nesi alikuwa mvumilivu na vidonge vilikuwa vya rangi hiyo. Vingekuwa vyeupe, sijui.

Kama bado mnahesabu kura, yangu iandikeni kwenye chai ya rangi pamoja na chakula. Hiyo ndiyo ifutwe. Ila msimtume mtu kumweleza mama mkwe. Mimi nilijaribu Jumapili, akaniuliza sasa ugali uteremkie nini.