Sera Imebadilika, Mafunzo Yamebaki Nyuma

Afisa mmoja wa rasilimali watu katika kiwanda kilichoko Kisumu ameandika akiuliza jambo ambalo wengi huliuliza, kuanzia Nakuru hadi Bungoma. Kampuni yake ina sera ishirini na kitu, zote zimeidhinishwa na kutiwa saini. Ina pia mfumo wa mafunzo wa kompyuta. Lakini viwili hivi havijuani: sera inarekebishwa, kozi inabaki ileile. Anataka kujua anunue programu gani ya kuviunganisha.

Asinunue chochote kwanza. Kinachokosekana hapo ni namba ya toleo. Kampuni nyingi huunganisha mafunzo na jina la sera. Upande huu kuna "Sera ya Usalama Kazini", upande ule kuna "Kozi ya Usalama Kazini", na rekodi inasema fundi fulani alifaulu Januari. Sera ilirekebishwa Machi. Rekodi ile haidanganyi, ila haisaidii mtu yeyote.

Sheria za Kenya nazo hazitaki utani hapa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aandike sera yake ya usalama, airekebishe kila inapofaa, kisha awafahamishe wafanyakazi wote sera hiyo pamoja na marekebisho yake. Marekebisho pia, si sera ya kwanza tu. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera kuhusu unyanyasaji wa kingono baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao, na aifikishe kwa kila aliye chini yake. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Shauri likifika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, wakili wa mfanyakazi hatajisumbua kubisha kwamba sera ipo. Atauliza: toleo hili alifundishwa lini, na kwa lugha gani? Wenye kampuni hubaki wakifunguafungua mafaili.

Kwa hiyo, daftari la sera. Lahajedwali ya kawaida inatosha. Weka mstari mmoja kwa kila toleo, si mstari mmoja kwa kila sera. Toleo likipitwa na wakati, mstari wake haufutwi, unaandikiwa tarehe ya kukoma. Katika kila mstari iwemo misimbo miwili, wa sera na wa kozi yake, namba ya toleo, tarehe ya kuidhinishwa, tarehe ya kuanza kutumika, cheo cha mwenye sera (cheo, si jina, maana watu huhama), makundi ya kazi yanayoguswa, siku ambazo mtu amepewa kukamilisha, na muda wa kurudia mafunzo. Sera ya usalama ikiwa US-04 na toleo ni la 3, kozi yake iitwe US-04-T3. Msimbo huo ndio kiungo chote. Daraja lolote la kompyuta utakalojenga baadaye litapita juu yake, na usipokuwepo hakuna programu itakayoubuni kwa niaba yako.

Sasa amua toleo lipi linahitaji mafunzo. Hapa ndipo wengi huharibu, ama kwa kutofundisha kitu ama kwa kufundisha kila nukta na mkato hadi watu wakazoea kubofya "nimekubali" bila kusoma. Tumia swali moja: je, kuna mtu ambaye kesho asubuhi atafanya kazi yake tofauti na alivyoifanya leo? Kama yupo, ni badiliko kubwa: toleo la 2 linakuwa la 3, na kozi mpya inatengenezwa. Kama hayupo, ni badiliko dogo: 2.0 inakuwa 2.1, hakuna kozi. Chukua kiwanda cha sukari chenye sera ya kufunga mashine kwa kufuli kabla ya fundi kuingiza mkono. Kusahihisha tahajia ni 2.1. Kuamuru kwamba kila fundi awe na kufuli lake na ufunguo wake, badala ya kufuli moja la supavaisa, ni 3.0. Namba ya simu ya afisa wa usalama ikibadilika, hilo ni 2.1, lakini tangazo litoke siku hiyohiyo, ubaoni na kwa ujumbe mfupi. Uamuzi huu ufanywe na mwenye sera akiwa na mtu wa mafunzo, na uandikwe kwenye fomu ya kuidhinisha kabla mkurugenzi hajatia saini. Ukiachwa hadi baada ya saini, kila mtu atasema ni badiliko dogo, kwa sababu kubwa lina kazi.

Kuhusu makundi ya kazi, usiandike "wote" kwa uvivu, wala usiandike idara. Andika anayeguswa. Katika shamba la maua la Naivasha, sera ya muda wa kusubiri kabla ya kuingia ndani baada ya kupuliza dawa mara nyingi hupewa wapuliza dawa peke yao. Wao wanaujua muda huo kuliko mtu yeyote, na tena wana barakoa na mavazi ya kujikinga. Wanaoumia ni wavunaji wanaorudi mapema, fundi wa maji anayeitwa kuziba bomba lililopasuka, na mlinzi anayekatiza njia. Kaa na wasimamizi watatu wa sehemu mbalimbali, uwaulize ni nani hupita hapo kwa wiki nzima. Jibu lao ndilo kundi.

Tarehe ya kuidhinishwa na tarehe ya kuanza kutumika zisiwe moja. Sera iliyosainiwa saa nne asubuhi na kuanza kazi saa nne hiyohiyo imewageuza wafanyakazi wote kuwa wakosaji kufikia chakula cha mchana. Siku 14 hadi 30 katikati zinatosha kwa sera ya kawaida. Sera ya usalama inayozuia hatari iliyopo haiwezi kungoja: ianze papo hapo, ifundishwe kwenye mkutano mfupi kabla ya zamu, na asiyehudhuria asiguse mashine husika. Na mashamba ya maua yakae mbali na wiki za kuelekea tarehe 14 Februari. Vibarua wa msimu ni wengi, kila mkono unahitajika, na toleo kubwa likiangukia hapo litafundishwa kwa sahani ya chapati mezani na karatasi ya mahudhurio ikizunguka.

Kozi yenyewe iwe fupi: dakika 10 hadi 15, maswali matano hadi manane, alama ya kufaulu asilimia 80. Maswali yawe ya matukio. "Umefika na dawa ilipulizwa saa mbili zilizopita, bomba linavuja, supavaisa hapatikani, utafanya nini?" Swali la "Sera hii ina kurasa ngapi?" halipimi kitu, na ajabu ni kwamba huulizwa. Usiweke nakala ya sera ndani ya kozi. Weka kiungo kinachoelekea kwenye toleo linalotumika. Nakala iliyofungashwa ndani husahaulika humo, na miaka miwili baadaye mfanyakazi mpya anasoma sera iliyokwisha kufutwa. Kukubali sera na kufaulu maswali ziwe rekodi mbili tofauti, kwa sababu mtu anaweza kuelewa sera na kukataa kuisaini, na mwingine akasaini bila kuelewa.

Ukitumia Moodle, programu ya kuendeshea mafunzo ambayo haina ada ya leseni, kuna mtego mmoja mkubwa: kuhariri kozi ya zamani. Ukibadilisha ukurasa ndani ya US-04-T2 ili ulingane na toleo la 3, kila aliyefaulu zamani anaendelea kuonekana amekamilisha, pamoja na maudhui ambayo hajawahi kuyaona. Nakili kozi, ipe msimbo mpya, funga uandikishaji wa ile ya zamani, na uiache ilale na rekodi zake. Tengeneza makundi kulingana na kazi, uunganishe kila kundi na kozi zake ili anayeingizwa kwenye kundi aandikishwe mwenyewe bila mtu kubofya. Anayeacha kazi asimamishwe, asifutwe. Ukimfuta, uandikishaji na alama zake huondoka naye, na huenda shauri lake likaja baada ya yeye kwenda. Kama kozi zimefungashwa kwa SCORM 1.2, muundo wa kufungasha kozi za kompyuta, kumbuka nafasi ya kuhifadhi mahali mtu alipofikia ni herufi 4,096 tu. Kozi ndefu yenye mbwembwe nyingi huijaza, na mfanyakazi akirudi anajikuta ameanza upya. Wengi hulaumu intaneti.

Daraja kati ya orodha ya wafanyakazi na mfumo wa mafunzo linaweza kuwa API, yaani mifumo miwili kupashana data moja kwa moja, au faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, linalotumwa kila usiku. Kwa kampuni ya watu mia tatu, CSV inatosha kabisa na ni rahisi kuikagua kwa macho. Ubovu wake ni uleule kila mahali. Namba ya mfanyakazi 00412 ikifunguliwa kwenye Excel inakuwa 412, na mfumo unamwona mtu mgeni. Anza namba zote kwa herufi, kama K00412. Tarehe 03/04 ni ya Machi au ya Aprili, inategemea mipangilio ya kompyuta. Andika mwaka kwanza, 2025-04-03. Usitumie namba ya simu kumtambulisha mtu. Laini hubadilishwa, mume na mke hushiriki simu moja, na 07 haifanani na +2547 machoni pa kompyuta. Namba ya kitambulisho cha taifa pia iache. Ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na faili hilo likivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu, una saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data.

Tuseme ukweli kuhusu wasio na kompyuta, ambao katika mashamba ya chai, maua na miwa ndio wengi. Mfumo wenye mapambo hauwafikii kwa simu ya kabambe, ile ndogo ya vibonye, na si haki kumtaka mtu anunue bando lake asome sera ya kampuni. Mafunzo yao ni ya ana kwa ana, chini ya mti au kwenye bwalo, na karatasi ya mahudhurio ndiyo mfumo. Karatasi hiyo iwe na msimbo wa toleo kichwani, uliochapishwa, usioandikwa kwa kalamu. Iwe na tarehe, jina la mkufunzi, lugha iliyotumika, namba ya kila mfanyakazi, saini au alama ya kidole gumba, na safu tatu za majibu ya maswali ya mdomo. Lugha iandikwe kama ilivyotumika: Kiswahili, Dholuo, Kilubukusu, Ekegusii. Mkufunzi akichanganya, aandike zote. Watu wasizidi 25 kwa kikao, la sivyo maswali ya mdomo huwa kwaya ya "ndiyo". Karatasi iingizwe kwenye mfumo ndani ya saa 48 na yenyewe ihifadhiwe. Ikikaa kwenye droo ya supavaisa hadi mwisho wa mwezi, nusu yake hutumika kufungia mandazi.

Ripoti ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Mfumo wa mafunzo utakwambia asilimia 96 wamekamilisha, na bodi itapiga makofi. Asilimia 96 ya nani? Ya walioandikishwa. Aliyehamishwa kutoka ofisini kwenda kiwandani bila kuhamishwa kundi hayumo. Kibarua aliyeajiriwa Jumatatu hayumo. Hesabu ya chini, yaani wanaopaswa kufundishwa, lazima itoke kwenye orodha ya mishahara ya mwezi huo, ikichujwa kwa makundi ya daftari la sera. Ya juu, yaani waliokamilisha, itoke kwenye mfumo wa mafunzo, kwa toleo linalotumika tu. Asilimia itashuka, na kuna meneja atakasirika. Mwache akasirike. Walio kwenye likizo ya uzazi au ya ugonjwa watengwe, na siku zao zianze kuhesabiwa wanaporudi, maana kumwita mama mwenye mtoto wa wiki tatu mkosaji wa mafunzo ni aibu ya kampuni.

Barua ya kumtaka mtu ajieleze itaje sera, toleo na tarehe aliyofundishwa. Anayeiandika asipozipata kwa dakika tano, daraja halijakamilika.

Kabla ya kuwasha kila kitu, chagua sera moja, na utengeneze kwenye mfumo wafanyakazi watatu wa kubuni kwa ajili ya majaribio: mmoja mpya, mmoja anayehama kazi, mmoja anayeacha. Pandisha sera toleo, tuma faili la usiku, uangalie asubuhi. Mpya awe na kozi moja, ya toleo jipya tu. Aliyehama awe amepata kozi za kazi mpya bila kupoteza rekodi za zamani. Aliyeacha awe amesimamishwa, historia yake ikiwa inasomeka. Kisha rudia ukitumia faili bovu makusudi, lenye namba iliyokatwa sifuri, uone kama mfumo unalalamika au unameza. Ukimeza, rekebisha hilo kwanza. Na waondoe hao watatu kabla ya tarehe ya mishahara.